Mzee wa Kanisa Ukutani

Wiki ile tuliyomzika mama nilirudi kwangu Kahama na mfuko mmoja wa vitu vyake: kanga mbili, miwani yenye mkono uliofungwa uzi, na daftari la nyimbo za kwaya. Niliuweka mezani nikakaa kuutazama tu. Mama Shija, jirani na rafiki yake wa miaka yote, ndiye aliyenipa lile daftari msibani. Alisema, "Kuna maneno yako ukurasa wa mwisho, mwanangu. Aliyaandika mwenyewe." Nilikuwa nayajua maneno hayo kabla ya kuyasoma, au nilidhani nayajua, ndiyo maana sikutaka kulifungua.

Nikiwa nimekaa hivyo, buibui mmoja akashuka kwenye pazia, akasimama ukingoni mwa dirisha, akaruka. Alitua juu ya jalada la daftari. Akageuka, akanitazama.

Nasema akanitazama kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Buibui wa pembe za dari hana habari nawe. Anakaa kwenye utando wake akingoja inzi ajilete. Huyu hana utando wa kutegea. Anawinda kwa miguu yake, mchana kweupe, na ukisogea kushoto naye anageukia kushoto. Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za tofali za udongo mmeishi naye chumba kimoja miaka yote, na wengi wenu hamkuwahi kumwangalia vizuri. Mimi nilimsoma kabla sijaijua a-e-i-o-u. Kisha nikamuua kwa mkono wangu, yeye na ukoo wake, nikasifiwa kwa kazi hiyo mpaka juzi makaburini.

Tuliishi si mbali na Bugarama, kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo. Mgodi mkubwa ulikuwa huko ng'ambo ya uzio na taa zake. Sisi tulikuwa upande wa vumbi, na baba alikuwa na sehemu yake kwenye duara, yaani shimo, pamoja na wenzake watatu. Mama hakuwa mtu wa dhahabu. Alizaliwa Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe, akaolewa huku na sanduku la bati na mwandiko mzuri. Mwandiko huo ndio uliompa ukatibu wa kwaya kabla hata hajajua njia ya kisimani. Kila wimbo mpya aliuandika yeye, kwa kalamu ya bluu, herufi zimesimama wima zote kimo kimoja, na wanakwaya wengine walikuwa wakiomba tu kulishika daftari walitazame.

Jiko letu lilikuwa kibanda peke yake, nyuma ya nyumba, tofali za udongo na bati juu. Kulikuwa na dirisha moja dogo lisilo na ubao, na pale bati lilipokutana na ukuta fundi alikuwa ameacha matundu. Asubuhi jua lilipenya kwenye matundu yale likachora madoa ukutani, na kwenye madoa yale ndipo buibui walipopenda kukaa. Siku ya kwanza nilipomwona mmoja karibu nilipiga yowe nikakimbilia nguo za mama.

"Amekufanya nini?" mama akauliza, hata hakuacha kuchekecha mchele.

"Ataning'ata!"

"Huyu? Njoo hapa umwone kwanza. Mtu humjui, unampigia kelele."

Alinibeba akanisogeza ukutani mpaka pua yangu ikakaribia kugusa udongo. Huko kwao Kishapu, aliniambia, mtoto aliyemwua buibui huyu shambani alichapwa, maana ndiye aliyekuwa akiwala wadudu wa pamba bila kuomba chochote. Kisha akanifundisha alama zake moja moja, akionyesha kwa ncha ya kijiti bila kumgusa. Huyu ni dume, akasema. Mwili mweusi, na mstari mpana mweupe umeshuka katikati kuanzia kwenye macho mpaka nyuma, na mistari mingine miwili myeupe pembeni. Mwishoni kabisa, karibu na mkia kama angekuwa na mkia, kuna vidoa viwili vyeupe. Ukiviona hivyo viwili, usiulize tena. Nikamwambia amevaa kama mzee wa kanisa letu, aliyekuja kila Jumapili na koti jeusi na shati jeupe limejitokeza katikati. Mama alicheka mpaka akaniweka chini. Tangu hapo dume akawa Mzee wa Kanisa.

Jike nilimdharau mwanzoni kwa kuwa hana suti. Ni wa kahawia, rangi ya moshi na majivu, mnene zaidi, na mstari wake wa katikati umefifia kama chai ya maziwa. Ila na yeye ana vidoa viwili nyuma, hafifu, na ukiwa na subira utaviona. Mama alinihesabisha macho yao. Manne yako mbele, mawili ya katikati makubwa meusi yanayong'aa, na mengine manne yamepanda juu ya kichwa, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kumnyemelea. Mbele ya mdomo ana vijikono viwili vyenye manyoya meupe anavyovichezesha muda wote. Usingizi wake ni ndani ya kifuko cheupe cha nyuzi, kwenye ufa au kwenye tundu.

"Na tazama atakavyoruka," mama akaninong'oneza. "Kwanza anabandika uzi. Umeona? Harushi mguu kabla hajafunga kamba."

"Kama baba."

"Kama baba yako, siku anazokumbuka," akasema.

Baba, ndiyo. Nataka kumtendea haki, na si rahisi. Baba alikuwa mtu wa maneno matamu. Duara lao lilipoanza kutoa, mawe yalisagwa, yakaoshwa kule mwaloni, kwenye madimbwi ya kuoshea mawe, na unga mzito uliobaki wakautia zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu, wanaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho lazima kichomwe, zebaki iondoke, dhahabu ibaki. Kazi ya kuchoma inataka mkono uliotulia, maana kikijirusha kwenye moto mmepoteza jasho la wiki nzima. Wenzake walikuwa na mikono ya watu wanaokunywa. Baba akawaambia, "Tumpe mke wangu. Hamjauona mwandiko wake?"

Mama alifurahi. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko yote. Alifurahi kwamba wanaume wanne wamekubali kuna jambo yeye analiweza kuliko wao, akajifunga kanga kiunoni akaichukua kazi ile kama alivyouchukua ukatibu.

Alichomea jikoni, mchana, kwenye mfuniko wa kopo juu ya jiko la mkaa. Nje hakukufaa: upepo ungepoza moto, na majirani wangeona. Kijiji kile mtu akikuona na dhahabu asubuhi, jioni una ndugu usiowajua. Kwa hiyo mlango ulifungwa, na mimi nilipewa kazi. Niliziba dirisha kwa gunia, nikalichomeka pande zote nne, kisha nikakaa nje nimeegemea mlango ili mtu asiingie. Niliipenda kazi hiyo. Nilikuwa mlinzi wa mama. Alipomaliza aligonga mara mbili kwa ndani, nikafungua, akatoka na macho mekundu na kipande cha njano kiganjani, na baba akampa kikombe kikubwa cha maziwa.

Maziwa yalikuwa ndiyo dawa. Wachimbaji wote walijua hivyo: maziwa yanafagia. Ukishuka shimoni, maziwa. Ukishika zebaki, maziwa. Ukikohoa vumbi, maziwa, na yakiwa mabichi ya ng'ombe wa hapo hapo ndiyo bora. Aliyeuza zebaki alisema hivyo, baba akasema hivyo, na mama, mtoto wa wafugaji, angebishia vipi maziwa? Siku moja alisema kifua kinambana. Baba akamjibu, "Moshi wenyewe huuoni, utakudhuru vipi? Kunywa maziwa, Mama Kabula." Akanywa. Yaliyobaki nilikunywa mimi.

Sijui ilichukua muda gani. Mtoto hahesabu hivyo. Najua tu kwamba mvua zilikuja zikaenda, na siku moja wakati ananisuka mama alisimama ghafla akaanza kujikung'uta mikono.

"Kuna mdudu ananitembea," akasema. "Nitazamie, mayu." Ndivyo kwao wanavyomwita binti, mama.

Nikatazama mikono, shingo, mgongo. Hapakuwa na kitu. Kesho yake akasema tena, sasa ni kwenye midomo, mdudu anatembea pembeni ya mdomo, na akajipiga kibao usoni kwa hasira. Ikawa kila siku. Wakati mwingine aliacha sufuria jikoni akavua kanga na kuikung'uta uani kama mtu aliyekanyaga siafu. Nikamkagua kila mahali kwa bidii kubwa, maana macho yangu yalikuwa mazuri, na nilikuwa mtoto aliyefundishwa kutazama. Sikuona hata sisimizi.

Kisha fizi zake zikavimba na pembe za mdomo zikatoka vidonda. Zahanati walimpa dawa ya malaria na mafuta ya kupaka. Mama Shija alikuja kumjulia hali, akamshika kidevu, akamgeuzia juani.

"Hee! Mama Kabula, wewe umekojolewa."

"Na nani?"

"Na buibui. Mikojo ya buibui hii, naijua, mdogo wangu ilimtoka hivi hivi. Anapita juu yako umelala, anakukojolea, halafu unasikia kama anatembea hata akiwa ameshaondoka. Na jikoni kwako umewafuga, kila siku nawaona."

Mama akasema, "Wale hawana neno. Tumekaa nao toka utoto wangu." Lakini alisema akiwa anajikuna mdomo. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, na maneno yale yakaingia ndani yangu yakakaa. Mdudu anamtembea, na mdudu haonekani. Nani mwingine ana macho manane, anaona unakuja kabla hujafika, anaruka unapogeuka? Nilijisikia mjinga kwa kutomshuku mapema. Na zaidi nilijisikia nimesalitiwa, maana nilikuwa nikimsalimia kila asubuhi shikamoo.

Nikaingia jikoni kumchunguza upya. Mzee wa Kanisa alikuwa ukutani juu ya jiko, na inzi alikuwa karibu naye. Akajikunja, akabandika uzi, akaruka. Akakosa. Sikuwahi kumwona akikosa. Alianguka, akaning'inia kwenye uzi wake, akapanda kidogo, akateleza, miguu inatetemeka. Jike mmoja alikuwa chini kabisa karibu na majivu, anatembea mwendo wa upande upande. Leo najua nilichokuwa nakiona: walikuwa wanaishi ndani ya jiko lile saa zote, bila hata kikombe cha maziwa. Siku ile niliwaza jambo moja tu. Wameshiba. Wameshiba mama yangu.

Nilichukua kandambili ya baba. Sikuwa na huruma na sitajifanya nilikuwa nayo. Nilianza na majike, kisha wadogo waliokuwa bado hawana rangi, nikawapiga ukutani mmoja mmoja mpaka udongo ukamomonyoka. Mzee wa Kanisa alikuwa wa mwisho. Alinigeukia, akanyanyua vile vijikono vyeupe, na macho yake mawili makubwa yakanitazama kama yalivyonitazama siku ile mama aliponibeba. Nikampiga. Mama alikuwa mlangoni. Aliona. Mtu aliyenifundisha vidoa viwili alitazama tu nikifuta ukuta kwa jani, akajikuna mdomo, akaondoka.

Lakini kesho yake mdudu alimtembea tena. Nikajua wapo wengine, wanaingia. Nikajua pia wanapoingilia. Nilikwenda kwenye kichuguu nyuma ya choo nikachota udongo, nikauchanganya na kinyesi cha ng'ombe, nikakanda mpaka ukashikana. Nikapanda juu ya ndoo nikaanza kuziba. Kila ufa, kila tundu fundi aliloacha chini ya bati, kila mahali palipokuwa na kifuko cheupe. Kwenye ufa mmoja jike alikuwa amelala juu ya mayai yake. Nikamjaza udongo yeye na mayai. Baba aliporudi nikamwonyesha. Akapiga bati kwa kiganja, akafurahi kweli.

"Mwanangu fundi! Sasa hata akipita mtu hajui kinachofanyika ndani." Akaniletea ubao wa kuwekea dirishani badala ya gunia, akaupima ukakaa sawasawa.

Mama akaingia, akatazama juu. Yale madoa ya jua hayakuwepo tena. "Jiko langu limekuwa chungu kilichofunikwa," akasema, akanishika kichwa. Nilihisi mkono wake unatikisika juu ya nywele zangu, nikadhani ni furaha.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Alikuwa akichoma kama kawaida, mara kwa mara, kwa sababu duara lilikuwa linatoa, na mimi nilikuwa mlangoni nimekaa na fahari yangu. Mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, kisha wa kushoto. Chai ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Hasira zikaja, yeye ambaye hakuwa na hasira. Alinichapa kwa chumvi iliyomwagika, na alipomaliza kunichapa akakaa chini akalia kuliko mimi. Alisahau majina ya watu. Usingizi ukamkimbia. Jumapili moja aliandika wimbo mpya mbele ya kwaya nzima na herufi zikatoka zimevunjika, zinapanda na kushuka, na binti mmoja wa sauti ya kwanza akacheka. Mama alifunga daftari akarudi nyumbani peke yake. Kwaya ikanunua daftari jingine, ikachagua katibu mwingine, wala hakuna aliyekuja kusema pole.

Mimi nilizidi kuziba. Ndiyo jibu nililokuwa nalo. Kila alipozidiwa, nilipanda ndoo nikatafuta tundu nililolikosa, na kweli nilikuwa nalipata, hata upana wa njiti ya kiberiti, nikalijaza. Mpaka mlango ukifungwa jiko lile likawa giza kabisa, na humo ndimo alimokuwa akiingia.

Kilichomwokoa ni uhuni wa baba. Duara lilikauka, zikaja habari za dhahabu mpya upande wa Runzewe, akaondoka na wenzake kwa wiki mbili. Hajarudi mpaka leo. Alipata mke huko, na watoto, na salamu zake zilikuja mara moja moja halafu zikakoma. Tulilia, tukapata njaa, mama akarudia jembe. Na pole pole, bila kuchoma tena, fizi zikapona. Usingizi ukarudi. Mdudu akaacha kutembea, akabaki kwenye ncha za vidole tu. Mikono haikupona sawasawa, mwandiko haukurudi kabisa, lakini alikuwa mama yangu tena, na mtu mmoja alistahili shukrani.

"Ni huyu," aliwaambia watu, ameniweka mbele yake. "Baba yake alinikimbia mgonjwa. Huyu mdogo hivi alipanda ndoo akaniziba matundu yote, akawamaliza buibui. Bila yeye mngenizika."

Nilikua na sifa hiyo. Ilinipeleka shule, naweza kusema. Mama aliuza mbuzi wake kwa ajili ya mtoto aliyemwokoa. Nikawa mwalimu. Na nilikuwa mwalimu tayari, nimesimama nyuma ya darasa langu mwenyewe, siku bwana afya mmoja alipokuja kuzungumza na akina mama wa mwaloni, tukawaazima madawati. Alikuwa kijana mpole. Aliuliza, "Kuna anayesikia kama wadudu wanamtembea mwilini, akitazama haoni kitu?" Mikono ikanyanyuka, mingi. Akauliza kuhusu fizi, kutetemeka, usingizi, hasira. Akasema ni zebaki, inapochomwa inakuwa hewa, unaivuta bila kuiona, na maziwa hayasaidii chochote. "Kama lazima uchome," akasema, "usichomee ndani. Na wewe uliyechomea ndani kwa kujificha, dirisha lililozibwa ndilo linalokumaliza."

Nilitoka nje nikashika ukuta wa choo cha walimu. Sikulia. Nilikuwa nahesabu matundu.

Jumamosi ile ile nilikwenda nyumbani kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilimkuta na Mama Shija uani wanachambua kunde, na kabla sijakaa vizuri mama akamgeukia mgeni mwingine aliyekuwepo akasema, "Ndiye huyu niliyekuambia." Akaanza hadithi yake toka mwanzo, ndoo, kichuguu, udongo, mikono yake miwili ikitikisika hewani kwa furaha. Nikanywa chai. Nikasema shule haijambo. Jioni nikarudi Kahama. Nilijiambia kwamba ninamhurumia yeye, na huo ulikuwa uongo. Nilikuwa naihurumia sifa yangu. Nilipenda kuwa mtoto aliyemwokoa mama yake, na nilikuwa tayari abaki hajui kilichoharibu mikono yake mradi aendelee kunitazama vile.

Miaka imepita hivyo. Msibani juzi mke wa Shija, mkwe wa Mama Shija, alipita na sinia la chai na vikombe vikagongana njia nzima. Pembe za mdomo wake zilikuwa na vidonda. Shija ana duara siku hizi. Niliona. Mtoto aliyefundishwa alama haziachi kumwingia machoni. Nikachukua kikombe changu, nikasema asante.

Sasa buibui alikuwa juu ya daftari na hakuwa na haraka. Dume. Mstari mpana mweupe, vidoa viwili. Nikasogeza kidole, akaruka akarudi dirishani, uzi wake ukabaki unang'aa kidogo juani. Nikafungua daftari. Kurasa za mwanzo zilinichoma macho kwa uzuri wake. Katikati herufi zinaanza kulegea, kisha zinavunjika, kisha karatasi tupu, nyingi. Ukurasa wa mwisho ulijaa maneno machache tu, makubwa, yamepinda kila moja kwa upande wake. Lazima yalimchukua siku nzima.

*Kabula. Mke wa Shija anatembewa na mdudu kama mimi. Nimewaambia wazibe matundu jikoni ulivyoniziba. Nenda uwaonyeshe.*

Nilimpigia simu Mama Shija papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama? Umesoma?"

"Nimesoma. Mama, hayo matundu..."

"Aa, usihangaike kurudi, wewe umechoka na msiba. Tumeshaziba. Tumemaliza jana, udongo wa kichuguu ule ule. Hata mwanga haupenyi." Akacheka kidogo, kwa huzuni. "Mama yako angefurahi. Mke wa Shija yuko humo sasa hivi, anamchomea mume wake."

"Mama, fungua mlango."

"Unasemaje?"

"Mtoe humo. Sasa hivi. Fungua mlango, halafu toboeni ukuta wote."

Nikasikia mlango wa bati ukiburutwa, Mama Shija akiita jina la mkwe wake, mtu akikohoa. Kisha akarudi kwenye simu, anahema. Alikuwa ameitangaza sifa yangu kuliko mtu yeyote, makaburini na kanisani, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kabula," akasema, "mama yako alikuwa na nini?"

Buibui alikuwa amenigeukia. Nikamwambia Mama Shija akae chini, nikaanza na lile gunia la dirishani.